Askofu Steere na Krismasi ya Mkunazini



Majilio yamefika. Kuta zinapakwa chokaa, mafundi cherehani hawana nafasi hata ya kula, watoto wanahesabu siku na wazee wao wanahesabu fedha. Katika siku hizi za kungojea ni vema tumkumbuke Askofu Edward Steere, kwa maana maandalizi yake ya Krismasi yalichukua miaka, wala si majuma.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili mwaka 1850, kisha akaacha mahakama akapewa ukasisi. Alikuwa padre wa kijiji cha Little Steeping rafiki yake, Askofu Tozer, alipotumwa Afrika. Mwaka 1863 Steere akamsindikiza, akidhani ni safari ya muda mfupi. Ikawa kazi ya maisha yake. Mkewe alibaki Uingereza, na hivyo Krismasi nyingi Steere aliziadhimisha mbali na nyumba yake.

Walifika Unguja mwaka 1864. Sultani akawapa wavulana watano waliotoka utumwani, na baadaye wakaja wengine wengi waliookolewa na manowari za Kiingereza. Hawakuwa na mama wa kuwapikia wala baba wa kuwanunulia kanzu ya sikukuu. Misioni ikawa ndiyo jamaa yao. Steere akajifunza Kiswahili kwa bidii, akaandika kitabu cha kukifundisha kilichotoka mwaka 1870, akatafsiri Maandiko, akawafundisha wavulana kazi ya kupiga chapa. Hivyo habari za Mtoto wa Bethlehemu ziliwafikia kwa lugha waliyoisema kila siku.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Mkunazini. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na Padre West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Sisi tunafagia ua kabla ya wageni kuingia. Steere alitaka ua ule, uliojaa machozi, ufanywe nyumba ya Bwana.

Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Yeye mwenyewe alishughulika na ramani na ujenzi. Yasimuliwa kwamba aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo kadha juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Ziko hivyo hata leo. Siku ya Krismasi 1877 ibada ya kwanza ilifanyika kabla paa halijakamilika. Hawakungoja kila kitu kiwe tayari ndipo wamshukuru Mungu. Hatimaye likajengwa paa la mviringo, la mawe ya matumbawe na saruji. Yasemekana altare imesimama pale watumwa walipochapwa viboko.

Lakini Steere hakujenga kwa mawe tu. Mwaka 1876 aliwaongoza watu walioachwa huru kwenda bara, nao wakaanza makao yao Masasi. Huko, na Mbweni vile vile, watu waliotengwa na jamaa zao waliooana, wakajenga nyumba, wakalea watoto. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, akawa shemasi. 

Askofu Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lile.

Basi, ndugu, tunapopanga nani atachinja kuku, nani atapika pilau, na nani atakuja kutoka mjini, tuangalie pia nani hana wa kumngojea. Pengine ni yatima wa jirani, au mjane wa mtaa wa pili, au kijana aliyekuja kutafuta kazi. Tumwalike mapema, asije akajiona amepewa mabaki. Na kama chokaa haikutosha ukuta wote, tusihuzunike. Hata Mkunazini waliimba kabla paa halijakamilika.

Tunawatakia nyote Majilio mema na Krismasi yenye baraka.