Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyeshika Kalamu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo. Chini ya ukoloni, Waislamu wa pwani walipoteza mamlaka na kubaki nyuma kielimu. Akiathiriwa na jarida la Al-Manar la Misri, alianzisha Sahifa mwaka wa 1930, kisha Al-Islah mwaka wa 1932. Kwa Kiswahili kilichoeleweka na watu wa kawaida, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa, wawasomeshe mabinti, waache uzushi katika dini na wasiwaige Wazungu kiholela. Mwaka wa 1937 aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka wa 1947. Mjadala alioukuza gazetini, kuhusu maana ya kuwa Mwislamu wa pwani, ungali hai.