Bibi Amy Johnson na Ndege Yake

Mara nyingine, tukiwa shambani au njiani, twasikia mvumo juu ya vichwa vyetu. Tukiinua macho twaona ndege ndogo ikikata mawingu, na watoto wote hupiga kelele na kukimbia huku na huku. Kisha ndege hupotea machoni petu, nasi hubaki tukijiuliza: ni kitu gani kinachoishika huko juu isianguke? Wengi hudhani kwamba ni ushujaa wa rubani tu. Basi, leo tusikilize maisha ya mwanamke mmoja aliyekuwa rubani wa ndege yake mwenyewe, na fundi wa ndege hiyo hiyo. Alisifiwa duniani pote kwa ushujaa wake. Lakini sisi tutazame hasa ile kazi aliyoifanya usiku, watu walipokuwa wamelala.

1. Utoto na masomo yake

Amy Johnson alizaliwa tarehe 1 Julai 1903 katika Hull, mji wa bandari upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Binti huyo alisoma katika Chuo Kikuu cha Sheffield, akamaliza masomo ya uchumi mwaka 1925. Baadaye alihamia London, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria.

Ilikuwa kazi ya heshima, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1928 alianza kwenda Stag Lane, kiwanja cha ndege kilichokuwa pembeni mwa London. Hapo palikuwa na chama cha watu waliotaka kujifunza kurusha ndege. Amy alilipa masomo kwa mshahara wake wa ukarani. Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Wenziwe wengi waliruhusiwa kuruka peke yao upesi kuliko yeye. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwezi wa Julai 1929 alipewa ruhusa ya kuendesha ndege.

2. Mwanafunzi wa mafundi

Marubani wengi wa siku zile, wakishatua, waliwaachia mafundi ndege na kwenda zao kupumzika. Amy hakuridhika na desturi hiyo. Alitaka kujua ndani ya moteri mna nini, na kwa sababu gani moteri nzima huweza kunyamaza ghafula. Kwa hiyo aliingia katika karakana ya chama. Fundi mkuu, Bwana Jack Humphreys, alikubali kumfundisha.

Mwanzoni baadhi ya mafundi hawakupenda kumwona mwanamke mahali pale. Naye hakushindana nao kwa maneno. Alivaa nguo za kazi, akafagia, akasafisha vyuma vilivyojaa mafuta, akajifunza kufungua moteri kipande kwa kipande na kuirudisha kama ilivyokuwa. Aliondoka kitandani mapema ili afanye kazi karakanani kabla ya kwenda ofisini, na jioni alirudi tena. Mwishowe aliiacha kazi ya ukarani kabisa. Mwezi wa Desemba 1929 alishinda mtihani wa ufundi wa ndege, akawa mwanamke wa kwanza katika Uingereza kupewa cheti hicho.

3. Ndege iitwayo Jason

Sasa Amy alikuwa na nia kubwa, kuruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia, safari ya kilometa 18 000 hivi. Mwanamke hakuwa ameifanya bado safari hiyo peke yake. Tena Amy mwenyewe hakuwa ameruka mbali zaidi ya njia ya London hadi kwao Hull. Aliandika barua nyingi za kuomba msaada, akakataliwa mara nyingi. Hatimaye baba yake alimsaidia, pamoja na Lord Wakefield, tajiri aliyefanya biashara ya mafuta ya moteri. Kwa fedha hizo, pauni 600, alinunua ndege iliyokwisha kutumika na mtu mwingine. Akaiita Jason, kwa kuwa jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya baba yake.

Ndege hiyo ilikuwa ya aina ya Gipsy Moth, iliyotengenezwa na kiwanda cha de Havilland palepale Stag Lane. Msidhani kwamba ilikuwa ya chuma kizito. Kiunzi chake kilikuwa cha mti, na mabawa yake yalivikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza na kuzuia maji. Mabawa yaliweza kukunjwa nyuma, hata mwenye ndege aweze kuiweka katika banda dogo. Mbele palikuwa na moteri moja tu, yenye silinda 4 na nguvu za farasi 100 hivi, pamoja na rafadha, yaani lile bao linalozunguka kwa nguvu na kuivuta ndege. Rubani alikaa kitini bila paa, akipigwa na upepo, mvua na jua. Ndani hamkuwa na redio ya kuombea msaada.

Mtu mwenye baiskeli, mnyororo ukikatika njiani, hushuka na kukaa chini ya mti kuutengeneza. Mwenye ndege hana mti wa kukaa chini yake huko angani. Ndege ya moteri moja, moteri yake ikizimika, hushuka tu, itake isitake, iwe juu ya msitu au juu ya bahari. Ndiyo sababu rubani wa ndege ya namna hiyo lazima autafute ubovu akiwa bado chini, kabla ubovu haujamtafuta yeye juu.

4. Safari ya kwenda Australia

Tarehe 5 Mei 1930, asubuhi mapema, Amy aliondoka katika kiwanja cha Croydon, karibu na London. Watu waliokuja kumuaga walikuwa wachache. Siku hiyo alifika Vienna, na siku ya pili Constantinople, mji uitwao leo Istanbul. Kutoka hapo alipita milima ya Taurus ndani ya mawingu mazito, huku majabali yakiwa karibu na mabawa, akafika Aleppo katika Siria.

Alipokuwa akielekea Baghdad, dhoruba ya mchanga ilimkamata jangwani. Hakuweza kuona kitu, akalazimika kutua asijue yuko wapi. Upesi alifunika moteri ili mchanga usiingie, akayazuia magurudumu kwa mizigo yake ili ndege isisukumwe na upepo. Kisha akakalia mkia wa ndege, bastola mkononi, akingoja. Upepo ulipopungua, aliwasha moteri, nayo ikaitika. Siku ya sita alifika Karachi, uliokuwa wakati ule mji wa Bara Hindi. Hakuna rubani wa peke yake aliyekuwa amefika huko upesi hivyo kutoka Uingereza. Hapo ndipo magazeti ya dunia yalipoanza kuandika jina lake.

5. Kazi ya usiku

Sasa, wasomaji, tuone jambo ambalo magazeti hayakulieleza sana. Kila jioni, baada ya kukaa kitini saa nyingi, masikio yakivuma na uso ukiungua kwa jua, Amy hakwenda kulala mara moja. Kwanza aliihudumia ndege. Alimwaga mafuta machafu ya moteri na kutia mapya. Alifungua plagi zitoazo cheche, akazisafisha moja moja. Alikagua vile vifuniko vidogo ndani ya moteri vinavyofunguka na kufungika, kwani vikilegea nguvu hupungua. Esansi aliichuja kwa ngozi laini kabla ya kuitia katika tangi, kwa maana tone la maji au chembe ya mchanga yatosha kuziba njia yake. Kazi hiyo ilimchukua saa nyingi. Kisha alilala kidogo tu, na alfajiri akaruka tena.

Pamoja na uangalifu huo wote, ajali hazikukosekana. Katika Burma, tarehe 13 Mei, mvua kubwa ilimzuia kukiona kiwanja cha Rangoon. Akatua katika uwanja wa michezo wa shule ya ufundi huko Insein, na ndege ikatumbukia mtaroni. Rafadha ikavunjika, magurudumu yakapotoka, bawa likapasuka. Rafadha ya akiba alikuwa nayo, imefungwa kwa kamba ubavuni mwa ndege. Lakini kitambaa cha bawa kingetoka wapi? Yasimuliwa kwamba palikuwa na mashati yaliyoshonwa kwa kitani cha ndege, masalio ya Vita vya 1914 hadi 1918. Mashati hayo yalifumuliwa, yakawa viraka vya bawa. Walimu na wanafunzi wa shule ile walifanya kazi pamoja naye, na baada ya siku tatu tu alikuwa amefika Bangkok. Katika kisiwa cha Java alitua penye shamba la miwa, na vijiti vya mianzi vikayatoboa mabawa. Matundu hayo aliyaziba kwa plasta ile tunayobandika juu ya vidonda.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotisha kuliko zote, yaani bahari kutoka Timor hadi Australia, kilometa 800 hivi za maji matupu. Huko ule usiku wote wa kuchuja esansi na kusafisha plagi ulitoa mazao yake. Moteri haikunyamaza. Tarehe 24 Mei 1930 Amy alitua Darwin, siku 19 tangu kuondoka Croydon. Hakuivunja rekodi ya Bert Hinkler, aliyeifanya safari hiyo kwa siku 15 hivi mwaka 1928. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuifanya peke yake.

6. Baada ya kusifiwa

Sifa zikaja kama mafuriko. Mfalme wa Uingereza alimpa nishani, na gazeti la Daily Mail lilimpa pauni 10 000. Kila mji wa Australia ulitaka kumwona, wala hakupewa nafasi ya kupumzika. Siku chache tu baada ya kufika Darwin, alipokuwa akitua Brisbane, alikipita kiwanja, ndege ikapinduka. Yeye alinusurika, bali Jason ikaharibika. Mtu aliyevuka jangwa na bahari aliangushwa na uchovu mbele ya watu waliokuja kumshangilia. Jason ilitengenezwa baadaye, nayo imehifadhiwa mpaka leo katika Jumba la Sayansi la London.

Amy aliendelea kuruka. Mwaka 1931 alifika Tokyo, pamoja na yule mwalimu wake, Bwana Humphreys. Mwaka 1932 aliolewa na rubani mwenziwe, Jim Mollison, na mwaka huohuo aliruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Cape Town, akaishinda rekodi ya mume wake. Ndoa yao haikudumu, ikavunjwa mwaka 1938. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 alikuwa msimamizi wa chama cha wanawake mafundi wa Uingereza. Binti aliyeanza kwa kufagia karakana sasa aliwaongoza wenzake.

7. Mwisho wake

Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Amy aliingia mwaka 1940 katika kazi ya kupeleka ndege za serikali toka kiwanja hadi kiwanja. Tarehe 5 Januari 1941 aliondoka Blackpool na ndege ya moteri mbili, isiyo yake, ili aifikishe kiwanja cha Kidlington, karibu na Oxford. Hali ya hewa ilikuwa mbaya sana. Saa nyingi baadaye alionekana akishuka kwa mwavuli juu ya maji ya mlango wa mto Thames, mbali na njia yake. Watu wamebishana miaka mingi juu ya sababu ya kupotea kwake.

Meli Haslemere ilikuwa karibu. Mabaharia walimtupia kamba, lakini baridi ilikuwa kali na mawimbi makubwa, hakuweza kuzishika. Ndipo mkuu wa meli, Walter Fletcher, alipojitupa mwenyewe majini ili kuokoa mtu asiyemjua hata jina. Hakufaulu. Alitolewa majini amezimia, akafa kwa ajili ya baridi ile. Mwili wa Amy haukupatikana kamwe. Umri wake ulikuwa miaka 37.

8. Tujifunze nini?

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi Amy aliziba nyufa zake kila jioni, ndipo akavuka bahari. Watu walimwona akiwa juu mawinguni, lakini nguvu za kuruka alizipata chini, magotini, kwa taa, mikono yake ikiwa imejaa mafuta. Nasi tuna kazi nyingi ambazo hakuna azionaye: kunoa jembe kabla ya mvua, kuchemsha maji ya kunywa, kurudia somo la jana kabla ya kuingia katika somo la leo. Anayezidharau atagundua kosa lake siku ya safari, wakati hakuna tena mahali pa kushuka.

Wala tusimsahau yule mkuu wa meli. Yeye hakupata siku 19 za kujitayarisha. Alipata dakika moja tu. Lakini katika dakika ile alitenda bila kusita, kama mtu ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kutengenezwa zamani.

Maswali ya kujibu pamoja:

1. Kwa nini Amy alitaka kujifunza ufundi, wala hakuridhika na urubani peke yake?

2. Kila jioni alifanya kazi gani kabla ya kulala? Taja tatu.

3. Ni nani waliomsaidia huko Insein, na kwa njia gani?

4. Katika kazi yako wewe, ni ufa gani unaopaswa kuzibwa leo jioni?