Ibn Battuta na Sahani za Wenyeji

Wengi wetu tunamjua Ibn Battuta kwa wingi wa nchi alizotembea. Leo tumtazame akiwa mbele ya sinia ya watu, maana tabia ya mtu huonekana akiwa mgeni.

Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akatoka peke yake kwenda kuhiji. Safari hiyo ikazaa nyingine, hata ikafika karibu miaka 30.

Mwaka 1331 alifika pwani ya Afrika Mashariki. Mogadishu, vijana walizipokea meli kwa mashua, kila mmoja na sahani iliyofunikwa. Aliyemkabidhi mfanyabiashara sahani yake, ndiye alikuwa mwenyeji wake. Ibn Battuta, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipokewa na kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Humo aliletewa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya malimau na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alilala usiku mmoja, akakuta watu wanakula ndizi na samaki. Kisha akafika Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu.

Mwaka 1352 alivuka Sahara hadi Mali. Huko yeye na wenzake walikula uji mzito wa viazi ambao wenyeji waliupenda sana. Wote sita wakaugua. Yeye alizimia katika Swala ya Alfajiri, mmoja wao akafariki, naye akaumwa miezi miwili. Baadaye aliletewa zawadi ya mfalme, Mansa Sulaiman. Alitarajia mavazi na fedha. Akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka.

Kicheko hicho kinanihuzunisha. Mtu aliyelishwa na nusu ya dunia alisahau Sunna ya kutokitia chakula kasoro. Lakini hakukificha. Aliporudi Morocco, kwa amri ya Sultani Abu Inan, alimsimulia Ibn Juzayy safari zake, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, kicheko kikiwa ndani. Alifariki mwaka 1368 au 1369. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wenzangu wa Nathenje na Lilongwe, sisi nasi ni wageni wa watu. Yuko anayeikunjia uso nsima na chambo kwa sababu kwao ni wali. Yuko anayetembelea Dzaleka, mama wa Kikongo akamtengea bugali na sombe, naye akasema ameshiba. Huenda sahani ile imetolewa kwenye mgao ambao haukuwatosha watoto wake.

Kuuliza kama nyama ni halali ni haki yetu, na tuulize kwa adabu. Kisichokubaliana na afya yako, kiache kimya kimya. Kinachobaki, nawa mikono, sema Bismillahi, ule na wenyeji.