Edsel Ford: Bosi Asiyeachiwa Usukani

Leo tupumzike kidogo na siasa na mpira, nawaletea stori ya jamaa ambaye jina lake la ukoo mnalijua wote, ila yeye mwenyewe wengi hamumjui. Hapa Bariadi Ford zinapita, hata kama ni Ranger iliyojaa vumbi. Mercury je? Hiyo hutaiona, na hata kwao Marekani haitengenezwi tena. Aliyeianzisha ni Edsel Ford.

Edsel alizaliwa Detroit tarehe 6 Novemba 1893, mtoto pekee wa Henry Ford, yule mzee wa Model T. Mwaka 1919 kijana akiwa na miaka 25 akawa rais wa kampuni. Cheo kikubwa kinoma, lakini kilikuwa cha kwenye karatasi. Mzee alisema amestaafu huku kila siku yuko kiwandani anabadilisha maamuzi ya mwanae. Inasimuliwa kwamba Edsel aliwahi kuagiza injini mpya ya majaribio itengenezwe, mzee akamwita aje aone mashine mpya ya kubebea chuma chakavu. Kufika pale, mzigo wa kwanza kupanda kwenye mkanda ni ile injini yake. Mbele ya watu!

Na cha ajabu, mara nyingi dogo ndiye alikuwa sahihi. Alisema mapema kuwa Model T imepitwa na wakati na Chevrolet inawala, mzee akang'ang'ana mpaka 1927 ndipo akakubali kuiacha na kutoa Model A. Umbo la Model A, ule uzuri wake, ni kazi ya Edsel. Alitaka pia breki za mafuta wakati mzee anapenda za vyuma na nyaya. Zikaja kuwekwa kwenye Ford za 1939, wapinzani walishatangulia miaka mingi.

Sasa Mercury. Ford ilikuwa na gari la bei nafuu, na Lincoln, iliyonunuliwa 1922, kwa matajiri. Katikati hakuna kitu. Mteja akipata hela kidogo anaiacha Ford anakwenda kwa General Motors kununua Pontiac, Oldsmobile au Buick. Edsel akaliziba hilo pengo na jina akalichagua mwenyewe, la mungu wa biashara wa Warumi wa kale. Mercury ikatoka mwishoni mwa 1938 kama modeli ya 1939, na mwaka huo wa kwanza zikauzwa zaidi ya 65,000.

Hakuifaidi sana. Alikuwa na vidonda vya tumbo, kisha kansa ya tumbo. Juu ya hayo akapata brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba, kwa kunywa maziwa mabichi ya shamba la baba yake. Mzee hakuamini mambo ya kuchemsha maziwa. Sisi wa kanda ya ng'ombe hapo tunaelewana, maana ubishi huo upo nyumbani mpaka leo. Edsel akafariki tarehe 26 Mei 1943, miaka 49 tu. Na nani akakalia kiti chake? Mzee Henry mwenyewe, na miaka yake 79.

Kifo hakikumpumzisha. Mwaka 1957 kampuni ikatoa gari jipya likaitwa Edsel, ingawa familia mwanzoni haikutaka jina hilo litumike. Likabuma vibaya, likafutwa 1959, hasara kama dola milioni 250. Mpaka leo Marekani ukitaja Edsel mtu anafikiria kitu kilichofeli, wakati marehemu hata hakuhusika!

Mercury yenyewe iliendelea, na hata huku kwetu ilifika. Pasaka ya 1964, wiki chache kabla ya Muungano, timu ya Mercury Comet ilikuja kwenye East African Safari, mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari 94 yalianza, yakamaliza 21. Comet zilizofika ni mbili tu, ya 18 na ya 21, yaani ya mwisho kabisa. Aliyeshinda ni Peter Hughes wa Kenya na Ford Cortina, ndugu yake mdogo kutoka Uingereza. Noma.

Kilichoiua siyo barabara za Afrika lakini. Kampuni iliacha kuipa kitu chake yenyewe. Sable ilikuwa Taurus, Mariner ilikuwa Escape, zimebadilishwa sura ya mbele na nembo basi. Sasa kwa nini mtu aongeze hela? Mwaka 1978 ziliuzwa zaidi ya 580,000. Mwaka 2009 hazikuzidi 93,000. Juni 2010 Ford wakatangaza kuifunga, na Januari 2011 ya mwisho, Grand Marquis, ikatoka kiwanda cha St. Thomas, Kanada. Lile pengo la katikati, ambalo Edsel aliliona kabla ya baba yake, wakaachiwa wengine.

Kitu chake kingine bado kipo: Ford Foundation. Aliianzisha 1936 kwa dola 25,000, na wana ofisi hapo Nairobi.

Mwenye picha ya zile Comet zikipita Tanganyika 1964 atuwekee hapo chini.