Mwalimu na Serikali Isiyo na Dini

Mara kwa mara twasikia watu wakisema kwamba Serikali yetu haina dini. Mmoja hulisema neno hilo kwa furaha, akidhani kuwa dini imefungiwa kanisani na msikitini isitoke nje. Mwingine hulisema kwa huzuni, kana kwamba Mungu amefukuzwa nchini. Sisi twaona wote wawili wamekosea. Ili tulielewe vema jambo hili, twapenda kuyakumbuka maisha ya Mkatoliki mwenzetu aliyelibeba mabegani mwake kwa miaka mingi, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, wala hakukuta Ukristo nyumbani kwa baba yake. Aliitafuta imani kwa hiari yake, akabatizwa katika misioni ya Nyegina tarehe 23 Desemba 1943. Alipotoka Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Mapadre Weupe. Na baada ya masomo yake Edinburgh alifundisha Pugu, shule ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mashule ya misioni, basi, aliyajua kwa ndani.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa Rais wake. Mwaka uliofuata ilimpasa achague kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu pamoja na mshahara wake. Wengi wa waliompokea na kumsaidia Dar es Salaam walikuwa Waislamu, akina Abdulwahid Sykes na wenzake. Hawakumkataa kwa sababu ya ubatizo wake, wala yeye hakuwataka waulegeze Uislamu wao. Nchi iliyopiganiwa hivyo na watu wa dini mbalimbali isingaliweza kufanywa mali ya dini moja. Baada ya Uhuru, mwaka 1961, Mwalimu alilishika hilo kwa nguvu: wananchi wana dini zao, lakini Serikali ni ya wote. Hata katika kuhesabu watu, mwaka 1967 ndio uliokuwa wa mwisho kwa mwananchi wa Bara kuulizwa dini yake.

Ndipo likaja jambo lililowauma Wakatoliki wengi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali iliyatwaa mashule ya misioni, hata ile ya Pugu. Wazazi waliokuwa wamechoma matofali na kubeba mawe kwa ajili ya mashule hayo waliyaona yakipita mikononi mwa wengine, tena kwa amri ya mtu aliyepiga magoti pamoja nao mbele ya altare ile ile. Hatusemi kwamba hapakuwa na hasara. Lakini Mwalimu aliwatazama pia watoto wa Kiislamu na wengineo, waliokuwa na nafasi chache kwa kuwa mashule mengi yalikuwa ya misioni. Kama angaliyaacha kwa kulipendelea Kanisa lake, watoto hao wangalimwita baba wa wenzao tu.

Je, mtu huyu aliiacha imani yake mlangoni pa Ikulu? Hata kidogo. Alizoea kuhudhuria Misa Takatifu asubuhi kabla ya kazi. Mwaka 1970 alialikwa na Masista wa Maryknoll huko New York, akawaeleza waziwazi kwamba Kanisa halina budi kusimama upande wa maskini na kupinga mipango inayowadhulumu, la sivyo watu wataliona halina maana kwao. Imani ilimfundisha kuwapenda maskini. Haikumfundisha kuitumia Serikali kuwapendelea Wakatoliki. Mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari, akampisha Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu. Katika uzee wake alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikatolewa mwaka 1996. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha kesi ya kumwombea atangazwe Mwenye Heri.

Maisha haya yanatuachia sisi wazazi deni. Serikali isiyo na dini haiwezi kumfundisha mtoto wetu ishara ya Msalaba, wala si kazi yake. Ni kazi ya baba na mama, jioni, kabla ya kulala. Tukiiacha, tusimlaumu Waziri wala mwalimu wa shule. Na mtoto huyo akikua, akawa karani, hakimu au diwani, jirani yake Mwislamu aweze kumwendea bila hofu, akijua kwamba atatendewa haki. Hapo ndipo imani yake itakapoonekana hadharani, hata kama hakutamka neno moja la dini.