Richard Kandt na Kigali ya picha nyeusi na nyeupe

Mpiga picha atakaye kuirudia Kigali ya kale kwa kamera kuukuu na filamu ya nyeusi na nyeupe, na aanzie Nyarugenge, katika makumbusho ya Nyumba ya Kandt, palipo na picha za enzi ya Wajerumani.

Richard Kandt alizaliwa Posen mwaka 1867, akawa tabibu wa magonjwa ya akili, kisha akaja kutafuta chanzo cha mto Nili. Juni 1898, katika makao ya mfalme wa Rwanda, aliletewa mtu mzima aliyejifanya Mwami Musinga, ilhali Musinga alikuwa bado kijana. Kandt akashuku. Lau angetega kamera na kuridhika, sura hiyo ya uongo ingehifadhiwa kama kweli, maana kamera haimuulizi mtu jina lake.

Agosti mwaka huohuo alifika chemchemi ya Rukarara, katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907 aliteuliwa mwakilishi wa Ujerumani nchini Rwanda, akaiasisi Kigali; wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakahamia. Aliondoka kwa likizo mwaka 1913, vita vikamzuia kurudi. Alifariki Aprili 1918 katika hospitali ya kijeshi, Nuremberg.