Kanoni aliyekula meza moja na walimu



Kama una mwalimu nyumbani mwako, au wewe mwenyewe unashika chaki, leo naomba tukae kidogo na Jean-Baptiste de La Salle, yule ambaye kalenda yetu ya Kanisa inamwita Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle. Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote mwaka 1950.

Usidhani alizaliwa na wito wa kufundisha. Alizaliwa tajiri, katika mji wa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, mtoto wa kwanza wa hakimu. Kabla hajatimiza miaka 16 alikwisha kuwa kanoni wa kanisa kuu, cheo chenye heshima na mapato ya uhakika. Wazazi wake walipofariki, yeye akiwa na miaka 20 tu, aliacha masomo ya seminari Paris akarudi kuwalea wadogo zake. Alipewa Upadri mwaka 1678. Njia yake ilikuwa imenyooka. Angeweza kufa akiwa mzee mnene mwenye kuheshimiwa, na leo hakuna ambaye angelijua jina lake.

Mwaka 1679 alikutana na mlei mmoja, Adrien Nyel, aliyekuja Reims kufungua shule za bure kwa watoto wa kiume wa maskini. Padri de La Salle alimsaidia kama sisi mapadri tunavyosaidia mara nyingi: kwa ushauri, barua na fedha kidogo, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Lakini shule zile zilikwama kwa sababu ya walimu. Walikuwa vijana waliokosa kazi nyingine, hawakuandaliwa, na wengine adabu zao zilitia shaka. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliwaona kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba angejua tangu mwanzo jambo lile lingemfikisha wapi, asingeligusa.

Akawakaribisha mezani kwake. Mwaka 1681 akawahamishia nyumbani kabisa. Ukoo ulimjia juu, msomaji wangu, na ukoo wenye mali ukikasirika unajua mwenyewe. Baadhi ya wadogo zake wakaondolewa nyumbani wasije wakaharibika kwa kuishi na watu wa chini. Hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata alihama jumba la familia akaenda kupanga nyumba pamoja na walimu wake.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi hulirudia kila ninapohubiri kwa walimu. Wale vijana walikuwa na hofu ya kesho. Wakiugua je? Wakizeeka, nani atawalisha? Yeye akawahubiria kumtegemea Mungu anayewalisha ndege wa angani. Walimu wakamjibu kwa heshima, lakini bila kuficha, kwamba maneno hayo ni rahisi kwa mtu mwenye ukanoni na urithi wa baba yake. Shule zikianguka yeye hapotezi kitu, wao watakwenda kuombaomba barabarani. Padri alinyamaza. Wengi wetu tungewaita watovu wa nidhamu. Yeye aliona kwamba wana haki. Mwaka 1683 aliachia ukanoni wake, akampa padri maskini badala ya kumpa mdogo wake kama ukoo ulivyotaka, na katika njaa iliyofuata urithi wake ukaisha kwa kununulia maskini mkate. Toka siku hiyo alipozungumza na walimu juu ya kesho, walimsikiliza.

Ndani ya darasa mambo yalibadilika pia. Wakati ule mtoto alianza kusoma kwa Kilatini, lugha asiyoisikia kwao. Yeye akaagiza waanze kwa Kifaransa. Desturi ilikuwa mwalimu kumwita mtoto mmoja mmoja huku wengine wakicheza. Yeye akataka darasa zima lifundishwe pamoja. Akawataka walimu waandike tabia ya kila mwanafunzi, na akichunguza utoro hakuishia kwenye fimbo, alitaka ijulikane kama mzazi amemtuma mtoto kibaruani. Ninaposoma haya najisikia vibaya. Nilipokuwa padri kijana nilifundisha Kilatini katika seminari ndogo, nami kwa kweli nilikuwa nikiwafundisha wale watano wa mbele tu.

Upinzani haukumwacha. Paris, walimu wa kuandika waliotoza ada walimpeleka mahakamani, kwa kuwa shule ya bure iliwanyima wateja. Mwaka 1712, akiwa amechoka kwa kesi na kuamini kwamba yeye ndiye kikwazo cha kazi, akaondoka kimya kwenda kusini mwa nchi. Huko Grenoble mwalimu wa watoto wadogo alipotumwa safari, mzee huyu aliyekwisha pita miaka 60, msomi wa teolojia, aliingia darasani akawafundisha herufi.

Mwaka 1714 walimu wake, waliokuwa wameshakuwa shirika la Mabruda, wakamwandikia barua. Haikuwa barua ya kumbembeleza. Walimwamuru kwa nadhiri ya utii arudi. Akarudi, akawauliza wanataka afanye nini.

Mwaka 1717 walimchagua Bruda Barthélemy kushika nafasi yake. Yeye akakaa Rouen akiwafundisha wanovisi, akimwomba ruhusa huyo aliyekuwa mwanafunzi wake hata kwa mambo madogo. Alifariki huko Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, bila ukanoni, bila nyumba, wala cheo chochote katika shirika alilolianzisha.